Kumi na Nne Dhidi ya Nane: Malalamiko Kuhusu Msokoto wa Mtutu

Norris Haugrud,
Barabara ya Ghala la Nafaka,
Birch Fork, Montana.
19 Mei

Mhariri,
Tarumbeta la Birch Fork.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUDHARAULIWA KWA KUMI NA NNE

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na dhamiri yangu pamoja na vikombe viwili vya kahawa, natangaza rasmi kwa wakazi wote wa kaunti hii kwamba tangu Jumapili ya Matawi mimi na shemeji yangu, Wendell Oksness, hatukai tena benchi moja kanisani. Yeye amehamia upande wa kinanda. Mimi nimebaki karibu na dirisha bovu, mahali ambapo ukoo wetu umekuwa ukipata mafua tangu kanisa lijengwe. Naomba tangazo hili liwekwe ukurasa wa kwanza, juu ya bei ya ngano.

Chanzo ni bunduki. Usishtuke, hakuna aliyetishiwa. Ni bunduki ndogo, kaliba ya ishirini na mbili, ya kupigia wachimbaji, wale kindi wa mashimoni waliougeuza uwanja wetu wa besiboli kuwa kichungi. Mimi na Wendell tuliinunua pamoja miaka ishirini na sita iliyopita, nusu kwa nusu. Tangu hapo kila mwaka theluji ikiyeyuka tunaegesha pikapu kwenye shamba la Bi Opal Tollerud. Mmoja anapiga, mwingine anashika darubini na kumweleza mwenzake amekosea wapi. Baada ya risasi kumi tunabadilishana. Sijui ni ndoa ngapi za kaunti hii zinazoendeshwa kwa haki kiasi hicho.

Mwaka jana mtutu ulichoka. Hizi bunduki zinatupa risasi kwa kasi mno, na moto wa baruti unaula mtutu kwa ndani kidogo kidogo, mpaka siku moja unamlenga mchimbaji na kuua nguzo ya uzio. Tukaipeleka kwa fundi bunduki, Emil Pfenning, atoe mtutu wa zamani na kuagiza mpya. Emil akaleta fomu ya kiwandani yenye visanduku tisa. Vinane tulivijaza kwa dakika nne, huku tunacheka. Cha tisa kimeandikwa "Msokoto", na mbele yake pana nafasi ya namba moja tu.

Hiyo ilikuwa Septemba. Fomu bado iko kwenye mlango wa friji ya Emil, imebanwa na sumaku yenye umbo la samaki.

Kwa faida ya wasomaji waliohamia kutoka mjini: ndani ya mtutu mna mifereji iliyojisokota kama kamba. Risasi ikipita humo inazungushwa, na kuzunguka ndiko kunakoifanya inyooke, kama pia ya mtoto isivyoanguka ikiwa inazunguka. Mtutu wa kumi na nne ni ule ambao mfereji wake unamaliza mzunguko mmoja katika inchi kumi na nne. Wa nane unaumaliza katika inchi nane, kwa hiyo unaizungusha risasi kwa pupa zaidi. Risasi fupi na nyepesi inatosheka na kumi na nne. Risasi ndefu na nzito inadai nane, kama vile watu warefu wanavyodai vitanda maalumu wakija kulala kwa watu.

Wala hili si suala la mzaha. Bi Opal ana miaka sabini na tisa, ng'ombe kumi na wanane, na shamba moja la alfalfa. Alfalfa hiyo ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa theluji. Wachimbaji wakiimaliza, hakuna mavuno ya Juni. Pasipo mavuno ya Juni, ng'ombe watapanda lori la mnada vuli hii, na Bi Opal atahamia kwa binti yake Spokane, kwenye nyumba ya ghorofa, "nikaangalie maegesho ya magari mpaka nife," kama alivyomwambia mke wangu. Mumewe alipofariki, mimi na Wendell tulimwahidi kulilinda shamba lile. Na ahadi ya shamba huku kwetu haihamishwi. Ukipewa ruhusa ya kupiga kwenye ardhi ya mtu, nawe ukamtengenezea uzio wake kila vuli, ruhusa hiyo ni yako kama jina lako la ubatizo.

Mtu atauliza: katika kaunti yenye bunduki nyingi kuliko watu, kwa nini msiazime? Namjibu kwa upole: mswaki hauazimwi.

Basi, kwa utaratibu na bila hasira, naorodhesha malalamiko yangu.

1. Wendell anataka nane. Ningeweza kuishia hapo, na msomaji mwenye busara angefunga gazeti akaenda kumwombea. Lakini yeye ana hoja, na hoja yake ni upepo. "Norris," ananiambia mbele ya watu, "risasi ndefu inaupasua upepo. Hizo zako ni karanga, bwana. Unawarushia karanga." Ni kweli kwamba upepo wetu mwaka juzi ulihamisha choo cha uwanja wa maonyesho hadi kaunti jirani bila kibali. Lakini wachimbaji wa Bi Opal wanakaa hatua mia moja na hamsini kutoka kwenye pikapu. Kwa umbali huo ningeweza kuwafikia hata kwa matusi.

2. Wendell ameanza kusoma. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa kawaida. Majira ya baridi yaliyopita alianza kumtazama kwenye kompyuta jamaa mmoja wa Texas mwenye kofia nyeupe, na sasa hawezi kupitishiwa chumvi mezani bila kumtaja. Kwenye chakula cha Krismasi, nyumbani kwangu, akiwa ameshika lefse, ile chapati laini ya mababu zetu, niliyoikanda mimi mwenyewe kwa viazi nilivyomenya mimi mwenyewe, aliniambia dunia imeshaelekea kwenye nane na mimi nimebaki kituoni na mzigo wangu. Nikamwambia, "Shemeji, dunia ikielekea shimoni, wa kwanza kufika siye mjanja." Akaiweka lefse chini. Haijapata kutokea katika ukoo wa akina Oksness mtu kuiweka lefse chini.

3. Majaribio ya kisayansi. (Kwa sayansi naazima, kwa uwindaji, kamwe.) Mnamo Februari Mchungaji alituazima bunduki yake. Ni ya kumi na nne, jambo ambalo halikunishangaza kwa mtu aliyesomea Biblia. Wendell akaijaza risasi zake ndefu za shaba tupu na kupiga karatasi kwa hatua mia. Ndugu Mhariri, risasi zilifika zimelala ubavu. Kila tundu kwenye karatasi lilikuwa na umbo la tundu la ufunguo. Mimi nikasema, "Unaona jinsi risasi zako zilivyo mbovu?" Yeye akasema, "Unaona jinsi mtutu wako ulivyo mbovu?" Akaruka ruka kwenye theluji, na umri wake ni miaka sitini na saba, mwenye goti la chuma.

Wiki iliyofuata daktari wa mifugo akatuazima ya kwake, ya nane. Nikaijaza risasi zangu nyepesi zenye ganda jembamba, na baruti ya kutosha kama nijuavyo mimi. Nikapiga tano. Mbili zilifika. Tatu zilizungushwa kwa fujo kiasi kwamba zilipasuka angani, tukaona vijiwingu vya kijivu katikati ya njia, vikapeperuka. Nikamwambia, "Shemeji, nane yako inapeleka risasi mbinguni." Akajibu, "Zinazokwenda huko ni zako." Kisayansi tulishinda wote wawili. Tulirudi nyumbani kila mtu kwa pikapu yake, kwa mara ya kwanza tangu mwaka tisini na nane.

4. Wapatanishi. Hawa ndio wameniumiza zaidi. Emil, ambaye kazi yake ni hii, alitutazama sote wawili juu ya miwani akasema, "Nileteeni namba. Namba yoyote. Hata ya simu." Je, huyo ni fundi? Mke wangu Ardis, ambaye ndiye dada wa Wendell, na hivyo ana maslahi pande zote mbili, alisema, "Si mkutane katikati? Kumi na moja." Hapo mimi na Wendell tulitazamana kwa mara ya mwisho kama ndugu. Kumi na moja! Ni kama mtu mmoja anataka chai na mwingine kahawa, basi wachanganyiwe. Naye Lavonne, mke wa Wendell, aliyekuwa anasuka kikapu wala hakuinua uso, akasema, "Namba zikiwashinda, jaribuni kunyamaza."

Nimejaribu. Siwezi.

5. Kuenea kwa ugonjwa. Kwenye duka la mbegu, ambako wanaume wa mji huu hunywa kahawa kila asubuhi tangu babu zetu, sasa kuna meza mbili. Meza ya nane iko karibu na birika, kwa sababu watu wa nane wana haraka. Sisi wa kumi na nne tunakaa nyuma, kwenye magunia, na kahawa hutufikia ikiwa imepoa. Mazishi ya mzee Vangsness yalikuwa ya aibu: foleni ya chakula ilijigawa yenyewe, na sisi tulifika kwenye sinia ya nyama tukakuta mboga. Kikosi cha kujitolea cha zimamoto kimegawanyika pia. Mwezi uliopita kibanda cha kuku cha akina Lien kiliwaka, na kuku wenyewe walitoka kwa miguu yao, wakasimama barabarani wakitazama watu wanne wa nane na watu watatu wa kumi na nne wakibishana kuhusu jinsi bora ya kukunjua mpira wa maji. Kibanda kiliungua. Nane ndio wa kulaumiwa, kwa kuwa walikuwa wengi.

6. Jumamosi ya mwisho ya Machi. Nilikuwa nimeamua kutoliandika hili, lakini nimeapa kusema kweli yote. Ilikuwa siku ya kwanza ya joto. Wachimbaji walikuwa wametoka mashimoni, wamesimama wima kama washarika wanaosubiri baraka. Nikaendesha hadi shambani kwa Bi Opal, bila bunduki, kwa kuwa bunduki ilikuwa kwa Emil haina mtutu. Nilichukua darubini tu. Nikaegesha upande wa kaskazini. Kumbe pikapu ya Wendell ilikuwa upande wa kusini, na yeye ndani, na darubini yake. Tulikaa saa mbili nzima. Niliona mchimbaji mmoja mnene, hatua mia na ishirini hivi, upepo mdogo kutoka kushoto, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Chini kidogo, Wendell." Nilisema peke yangu, ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Bi Opal akatoka na ndoo yake, akasimama katikati ya shamba, akapaaza sauti ili tusikie sote wawili: "Nyie wazee! Mmekuja kuwatazama? Basi walau wapigieni makofi!" Kisha akaja dirishani kwangu, akaniambia polepole kidogo, "Norris, mimi alfalfa yangu haijui kumi na nne. Wala haijui nane. Inajua kuliwa." Akaenda na kule kwa Wendell. Sikusikia alimwambia nini, lakini nilimwona Wendell akivua kofia.

Tangu siku hiyo sijarudi shambani. Mtu aliyekosewa hapaswi kuonekana akizunguka zunguka.

7. Hesabu. Sijaliona shamba kwa wiki saba, lakini sihitaji kuliona, nina kalamu. Jike mmoja huzaa watoto saba. Kama shamba lilikuwa na majike mia Machi, sasa lina wachimbaji mia nane bila kuhesabu waume, ambao ni wavivu lakini wanakula. Kwa mwendo huo Bi Opal atafika Juni akiwa na mashimo yaliyozungukwa na majani machache. Mwakani watavuka barabara. Mwaka wa tatu watakuwa chini ya ghala la nafaka. Mwaka wa nne, kwa makadirio ya chini, jumba la mahakama litazama mpaka dirisha la karani, na watu watalipia leseni za mbwa wakiwa wamepiga magoti. Ng'ombe kumi na wanane, bibi mmoja, na serikali nzima ya kaunti, kwa sababu ya mtu mmoja kung'ang'ania inchi nane!

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, naomba kwa heshima yafuatayo:

(a) Gazeti lako litangaze kwamba msokoto rasmi wa Kaunti ya Birch Fork ni mmoja kwa kumi na nne, na maneno hayo yaandikwe kwenye kibao cha kuingilia mjini, chini ya idadi ya watu.

(b) Ofisi ya leseni za ndoa iwaulize wachumba msokoto wao kabla ya kuwapa cheti. Laiti ningemuuliza Ardis kuhusu kaka yake mwaka ule, ningejua ninaoa nini.

(c) Makaburi yagawanywe. Sitaki kulala milele nikielezwa habari za upepo.

(d) Kama (a) hadi (c) zitakuwa nzito kwa bajeti ya gazeti, basi uchapishe angalau sentensi moja, mahali popote, hata chini ya matangazo ya trekta zilizotumika, kwamba Norris Haugrud yuko tayari kumsikiliza shemeji yake endapo shemeji yake ataanza kwa kukubali kwamba amekosea. Wengine husema hiyo si suluhu. Waseme. Mimi nimeshatoa mkono. Yaliyobaki ni yeye kuupokea ukiwa mfukoni mwangu.

Nakiri kwamba miaka ishirini na sita ni mingi. Nakiri pia kwamba darubini ni nzito zaidi ukiishika peke yako. Lakini kanuni ni kanuni, na iwapo mtu hatasimama kwenye inchi kumi na nne, sijui atasimama kwenye nini.

Nisalimie mke wako na yule mama anayepokea matangazo madogo, umwambie jokofu letu lilishauzwa. Wasalimie wapiga chapa wote, wa nane wakiwemo, maana hawakuchagua kuzaliwa hivyo. Msalimie Mchungaji ukimwona kabla yangu. Wendell usimsalimie, na kama utamsalimia, usimwambie nimekutuma, ila angalia uso wake kisha unieleze.

Ni mimi, msomaji wako wa miaka arobaini, nisiyetikiswa na upepo wowote,

Norris Haugrud

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha nilimpa Ardis barua hii asome, kwa sababu yeye ni mzuri wa tahajia. Amesahihisha makosa matatu, kisha akaniambia namba saba niifute, maana shamba la Bi Opal halina shida. Anasema wiki ya kwanza ya Aprili yeye na Lavonne walikwenda kwa Emil, wakamwambia aifunge bunduki mtutu wowote wa kaliba yetu aliokuwa nao rafuni. Alikuwa nao mmoja, akaufunga. Tangu hapo wanakwenda shambani kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, mimi na Wendell tukiwa dukani kwenye meza zetu za kahawa. Wanabadilishana baada ya risasi kumi. Mpaka juzi walikuwa wamewapiga wachimbaji mia tatu arobaini na mmoja, na Bi Opal anaanza kuvuna tarehe tano Juni.

Nikaiweka bahasha chini. Kisha nikamuuliza huo mtutu una msokoto wa ngapi.

Anasema hakuuliza.